Sindano Iliyoota Kutu Ndani ya Kofia

Bibi alipofariki aliacha minazi saba ya kugombaniwa, nyumba ambayo wajomba bado hawajaelewana, na kofia moja ambayo haijaisha. Kofia alisema ni yangu. Hakuna aliyepinga, manaake kofia ya robo tatu haiuziki.

Ni kofia ya viua, nyeupe, ya mkono. Pale alipoishia kushona palikuwa na sindano bado imechomekwa, uzi unaning'inia. Miezi minane hakuna aliyethubutu kuichomoa. Ni kama watu walidhani atarudi baada ya alasiri aendelee. Mwishowe nikaichomoa mimi. Ilikuwa imeota kutu, si mnaijua hewa ya bahari ya Malindi, hata kufuli ya mlango haidumu. Na ile kutu ikaacha doa la kahawia kwenye bafta, dogo kama punje ya mtama.

Nikaamua nitaimaliza. Najua vile mnafikiria. Rafiki yangu mmoja aliniuliza, "Kaka, kwani umekuwa shangazi?" Hilo nitalijibu mbele kidogo.

Shida ya kwanza ilikuwa uzi. Nikaenda dukani mjini nikiwa na kipande cha uzi wa bibi mfukoni. Mzee wa duka akakiangalia sekunde mbili, akanitolea roli ya poliesta, ile inayong'aa kama mshipi wa kuvulia. Nikamwambia, "Mzee wangu, hapana, huu si wenyewe." Akacheka. "Mjukuu, uzi ni uzi."

Sasa hilo neno ndilo limenifanya niandike leo. Uzi ni uzi? Kwa pwani hii? Hebu tuanze mbali.

Mwanzo, mjue kofia ya viua ni kitu gani, kwa sababu wengi tunavaa Ijumaa na Idi na hatujawahi kuigeuza ndani. Ni vitambaa viwili vya bafta vilivyolazwa pamoja, juu kwa chini. Kuna duara la utosini na kuna ukanda wa kuzunguka kichwa. Mchoro unachorwa kwa penseli, halafu vitambaa vinashikanishwa kwa mshono mdogo mdogo, na katikati yao mnapitishwa nyuzi ili mistari ijae na kusimama. Kisha vinatobolewa vijitundu, na kila kijitundu kinazungushiwa uzi ukingoni ili kisifumuke. Hivyo ndivyo viua. Hewa inapita, kichwa hakichemki. Wazungu wana blanketi zao za kushikanisha tabaka mbili kwa mkono, na sisi tuna mfarishi wetu, lakini kofia hii ni kazi ya ukoo huohuo, imepunguzwa tu hadi ikatosha kichwani. Kiswahili kina neno moja la zamani kwa kazi zote hizi: kudarizi.

Twende nyuma sasa. Pwani hii imekuwa na matatizo ya uzi kwa zaidi ya miaka 500, na ilijua kuyatatua. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza watu wa Sofala, kule kusini Msumbiji. Walikuwa na pamba yao na walifuma vitambaa, ila vyao vilikuwa vyeupe tu. Rangi hawakuwa nazo. Basi walikuwa wakinunua vitambaa vya buluu kutoka Cambay, India, wanavifumua. Yaani mtu amenunua kitambaa kizima, kimevuka bahari, halafu anakifumua uzi mmoja mmoja, ili auchanganye na uzi wake mweupe na kufuma kitambaa kipya anachokitaka yeye. Kule Pate, kaskazini mwetu, vilifumwa vitambaa vya hariri ambavyo padri Monclaro, aliyepita na msafara wa Wareno wa mwaka 1569, alivisifu. Aliandika kwamba Wareno walipata faida kubwa kuvipeleka miji mingine kwa sababu vilitengenezwa Pate peke yake.

Kwa hivyo mtu anayesema zamani huku tulikuwa tunangoja kuvishwa na wageni, mwambie apande matatu hadi Gede. Magofu ya Gedi, ambayo tangu 2024 ni Urithi wa Dunia, yalichimbwa na James Kirkman kuanzia 1948, na nyumba nyingi alizipa majina ya vitu alivyovikuta ndani. Kuna nyumba ya bakuli la kauri, kuna ya sarafu ya Kichina, kuna ya kasha la pembe. Na kuna Nyumba ya Makasi. Mimi nilipita hapo mara ngapi na shule, nikipiga picha na kina tumbili! Juzi nilirudi peke yangu nikasimama pale mlangoni. Mtu aliishi humu na makasi yake ya chuma, karne nyingi kabla ya bibi. Sijui alikuwa akikata nini. Nilisimama tu.

Na Vasco da Gama, sawa, hatuwezi kuikwepa ile nguzo yake. Alipofika Malindi Aprili 1498, daftari la safari yake linasema mfalme wetu alivaa joho la damasi lililotiwa satini ya kijani. Wao walimpelekea zawadi: shanga za marijani, mabeseni ya kunawia, kengele ndogo ndogo, vitambaa viwili na kofia moja. Kofia! Unamletea mfalme wa Malindi kofia. Akapokea kwa adabu, akawarudishia kondoo sita na viungo.

Tuyaache hayo, tuje karne ya 19, kwa sababu hapo ndipo sindano ya bibi inapotoka.

Karne hiyo uzi na sindano za dunia zilihamia mikononi mwa watu wachache. Sindano, sehemu kubwa sana, zilitengenezwa Redditch, mji mmoja tu pale Uingereza. Uzi wa pamba wa kushonea una hadithi yake. Mwaka 1806 Napoleon alifungia Uingereza biashara ya bara la Ulaya, hariri ikaadimika, na ukoo wa Clark katika mji wa Paisley, Uskoti, ukatafuta jinsi ya kusokota pamba iwe laini na imara kama hariri. Ikakubali. Ukoo jirani wa Coats ukafungua kiwanda chao mwaka 1826, na mwaka 1896 wakaungana. Kutoka mji ule mdogo wa mvua, uzi ukaenea kila bandari.

Kitambaa nacho kilitoka Marekani. Meli za Salem zilileta Unguja ile nguo nzito isiyopaushwa mpaka ikaitwa merikani, na jina likabaki hata vita vyao vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza biashara na Waingereza na Wahindi wakachukua nafasi. Wagiriama wakaichukua nguo ya dukani wakaikunja mikunjo juu ya mikunjo kwa sindano ya mkono, ikawa hando. Ukienda kuangalia sanamu ya Mekatilili hapa Malindi, kumbuka pia vidole vilivyoshona mavazi ya wanawake wa zama zake.

Na leso mnajua ilianzaje? Neno lenyewe ni la Kireno, kitambaa cha mkononi. Inavyosimuliwa, wanawake wa mjini mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wakinunua vile vitambaa vikiwa bado havijakatwa, wanakata vitatu vitatu vilivyoshikana, kisha wanashona vipande viwili ubavu kwa ubavu. Sita kwa jumla, nguo moja. Baadaye wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuagiza iliyochapwa nzima. Yaani leso, hii ambayo leo tunaona ni kitu cha kiwandani kabisa, mtindo wake ulibuniwa na mwanamke mwenye sindano.

Sasa nifike nilipokuwa naogopa kufika.

Bibi aliwahi kuniambia jambo, mara moja tu, siku moja ya mvua umeme umekatika. Alisema, "Babu yangu mimi hakuzaliwa na kofia." Nikacheka. Nani huzaliwa na kofia? Yeye hakucheka. Aliendelea kushona.

Miaka mingi baadaye ndiyo nikasoma. Malindi iliyofufuliwa kuanzia mwaka 1861, wakati wa Sultani Majid, ilifufuliwa kwa jasho la watumwa. Mashamba ya mtama na ufuta yalienea nyuma ya mji, na Frederick Cooper ameandika kitabu kizima kuhusu mashamba hayo na ya Unguja na Pemba. Naye Laura Fair, akiandika kuhusu Unguja, anaeleza jinsi nguo zilivyokuwa kama kitambulisho. Mtumwa alivaa kipande cha merikani, cha bei ndogo kabisa. Miguu haina viatu na kichwa hakina kofia. Kofia na kanzu vilikuwa vya waungwana. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na upande wetu wa pwani ya Kenya mwaka 1907, watu waliotoka utumwani walianza kununua kile kile walichokatazwa. Wanaume walitaka kanzu, walitaka kofia. Kofia nzuri, si ya kuficha upara.

Babu wa bibi alikuwa mmoja wao. Sikuambiwa shamba la nani, na hata ningeambiwa nisingeandika, kwa sababu wajukuu wa pande zote mbili tunaswali msikiti mmoja. Kinachosimuliwa nyumbani ni kwamba pesa yake ya kwanza alinunua kofia kabla hajanunua jembe. Mkewe akaifumua upande mmoja kuona ilivyoshonwa, akaishona tena, na hivyo ndivyo alivyojifunza. Akamfundisha bintiye, bintiye akamfundisha bibi.

Kwa hivyo ukiniuliza kwa nini mvulana anashika sindano: ndugu yangu, kwanza Lamu hadi leo utawakuta wanaume wazima wanashona kofia barazani, na hakuna anayewauliza. Pili, kwetu sisi kofia haikuja bure. Mzee wa dukani akiniambia uzi ni uzi, namheshimu, ni mkubwa wangu, lakini hapana.

Basi nilipata wapi msaada? Kuna shangazi mmoja Mambrui, hajawahi kuacha kushona. Nilimpelekea kofia. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu. Leta nione." Aliigeuza ndani kabla ya kuangalia nje. Akakaa kimya. Halafu akasema, "Huyu alikuwa na mkono."

Aliyonifundisha mchana ule nayaandika hapa, kwa sababu hata kwenye video sijayaona.

Uzi lazima uwe wa pamba. Si kwa sababu ya uzamani tu. Bafta ni pamba laini, na poliesta ina nguvu kuiliko. Kofia itafuliwa, itatiwa wanga, itavutwa kwenye kiunzi mara mia, na kila ikivutwa kitakachoraruka ni kile kilicho dhaifu. Ukishona kwa pamba, uzi ndio utakatika, na uzi unashoneka upya. Ukishona kwa poliesta kitachanika kitambaa, na hapo umepoteza kofia. Kujua uzi ni wa nini, chukua kipande ukichome. Pamba huwaka kama karatasi, inanukia karatasi na kuacha jivu. Poliesta inayeyuka, inakuwa kidonge kigumu cheusi. (Mimi nilikwenda kuchoma nyuzi nje ya duka, mlinzi akanifukuza. Chomeni nyumbani.)

Namba za uzi zinachanganya, kwa sababu zinakwenda kinyume. Namba 40 ni mnene kuliko namba 60. Wa bibi, shangazi aliukadiria kwa kuuzungusha tu kwenye kidole, ulikuwa kama 50. Kushonea mistari ya kushikanisha tabaka, hapo 40 inafaa. Kuzungushia viua unataka mwembamba zaidi, la sivyo kijitundu kinazibwa na uzi wenyewe. Kuna na pamba inayong'aa kidogo, iliyopitishwa kwenye magadi makali kiwandani, ufundi uliotokana na majaribio ya Mwingereza John Mercer ya mwaka 1844. Shangazi haipendi. Anasema inateleza.

Sindano nazo hivyo hivyo: namba ikipanda, sindano inapungua. Mimi nilikuwa nimenunua pakiti ya sindano ndefu nikidhani ndefu ndiyo ya kazi. Akazisukuma kando. Kwa kofia unataka fupi, namba 9 au 10, ili kidole kiwe karibu na ncha na mshono uwe mdogo bila kulazimisha. Ndefu inapinda mkononi. Ile kubwa, shazia, ni ya mikeka na magodoro, usiilete hapa. Kutoboa viua ana msharasi mdogo, kama wa fundi viatu, umelainishwa kwa miaka mpaka ncha haikati uzi wa bafta, inausogeza tu kando. Na kastabani kwenye kidole cha kati. Nilijifanya mwanamume nikakataa kastabani. Baada ya nusu saa niliiomba mwenyewe.

Urefu wa uzi: kiwiko hadi ncha ya kidole. Ukizidisha kwa uvivu wa kutunga tena, unajifunga mafundo na unachakaa kabla hujaumaliza. Kabla ya kutunga unaupitisha kwenye nta ya nyuki. Nta nilipata kwa wafuga nyuki wa pembezoni mwa Arabuko-Sokoke, kipande cha kama yai. Uzi ukishapita kwenye nta hausumbui tena, na nyumba nzima inanukia asali.

Halafu akaniambia, bila kunikemea: usiiache sindano kwenye kazi. Hata usiku mmoja. Chomeka kwenye sabuni au kwenye kitambaa kikavu chenye nta. Nadhani bibi alijua hilo kuliko sote. Siku ile hakujua kwamba haamki kesho.

Niliuliza kuhusu bei pia, kwa sababu mimi ni mtu wa kisasa na kodi ninalipa. Kofia za mashine kutoka China ziko sokoni kwa shilingi mia tatu, na kwa macho ya haraka huwezi kuzitofautisha. Ya mkono, iliyokaa vidoleni miezi miwili au mitatu, mnunuzi anaipunguza hadi elfu tatu huku anaguna. Gawanya kwa siku. Mimi niligawanya, nikaona aibu kumtazama shangazi. Tunapenda kusema utamaduni unakufa kama vile ni ugonjwa uliotoka hewani. Huyu mama hajakufa, yuko Mambrui, anashona, na tunamlipa pungufu ya nauli ya bodaboda kwa siku. Mkinunua ya mashine sina neno, pesa ni ngumu. Lakini ukiinunua ya mkono, usipunguze bei halafu ukajipige picha umeandika "fahari yetu".

Doa la kutu nililitia limau na chumvi, nikalianika juani siku tatu. Limefifia, halijatoka. Nilitaka kulificha. Shangazi akapima kwa ukucha, akasema mchoro ukisogezwa kidogo tu upande wa kulia, kiua kimoja kitaangukia pale pale penye doa. Ukishatoboa, sehemu kubwa ya doa itamezwa na tundu, na iliyobaki itafunikwa na uzi.

Nilitoboa jana baada ya isha. Ni kiua changu cha kwanza, na ukikiweka karibu na vya bibi kinaonekana kama yai lililokaliwa. Nimeacha hivyo hivyo. Vimebaki arubaini na moja, nimevihesabu mara mbili. Sindano iko kwenye sabuni.